Dobi Aliyesoma Kola

Mikono ya Dobi ilikuwa imelika. Sabuni na maji ya moto ya miaka arobaini vilikuwa vimelainisha ncha za vidole vyake kiasi kwamba siku alipokwenda kuchukua kitambulisho kipya, karani alimbandika wino mara tatu, na mara zote tatu karatasi ikapata doa tu.

"Mzee, wewe huna alama?" karani aliuliza.

Foleni nzima ikaangua kicheko, maana mtaa wote ulijua kwamba mgawa alama alikuwa yeye.

Dobi hakuvuka darasa la pili. Majina ya wateja hakuweza kuyaandika, kwa hiyo kila nyumba aliipa alama yake, akaishona kwa uzi mwekundu wa nailoni ndani ya kola, mahali ambapo hata mwenye shati hapaoni mpaka alivue. Vijiti vitatu, nyumba ya mfamasia. Duara lenye nukta, fundi saa. Ngazi ndogo ya vidaraja viwili, nyumba ya Mwalimu na mama yake. Alama zaidi ya mia mbili zilikaa kichwani mwake, na nguo za mtaa mzima zikichanganyika kwenye karai moja, jioni kila moja ilirudi kwao bila kugombana na mwenzake.

Sasa, kuna jambo ambalo madobi hawapendi lisemwe mbele za watu. Shati likiletwa Jumatatu na mwenyewe hana haraka nalo mpaka Ijumaa, hapo katikati linaweza kutembea. Kijana anakwenda kuposa, hana shati la maana. Anapita kwa dobi mlango wa nyuma, anaazimwa, analirudisha kesho yake, linafuliwa tena, na mwenye mali hajui lolote. Dobi alifanya hivyo kama madobi wote. Hakuona kuwa ni wizi. Alisema nguo nayo inachoka kukaa.

Halafu akaja Bwana Safi.

Jina lake lilikuwa refu, lenye vyeo vingi mbele yake, na redioni lilitajwa lote kila saa. Mitaani watu walimwita Bwana Safi, tena kwa kunong'ona, kwa sababu alipenda usafi kama wengine wanavyopenda pombe. Aliamuru mawe ya barabarani yapakwe chokaa. Alifukuza ombaomba mjini, na hakuna aliyejua walikopelekwa. Kisha akatoa amri kwamba kila siku ya kuzaliwa kwake, wanaume wote wenye nguvu wajipange uwanjani wakiwa na mashati meupe ya mikono mirefu, yaliyopigwa pasi. Askari wenye glavu nyeupe walipita mstari kwa mstari wakisugua kola. Glavu ikichafuka, mwenye kola alipanda lori. Wengine walirudi baada ya juma, wamenyolewa vichwa, hawataki maswali. Wengine hawakurudi.

Ndipo shati jeupe likawa kama pumzi. Wiki ya sherehe watu walijaa mlango wa nyuma wa Dobi, wenye aibu na wasio na aibu, na yeye aliazimisha mpaka taulo.

Mwaka wa nane wa utawala ule, Mwalimu alileta shati lake Jumatatu. Lilikuwa la tetroni, kitambaa cha kiwandani kisichochakaa, zuri, mama yake alimnunulia alipopata kazi. Jumanne Mwalimu alichukuliwa darasani, chaki ikiwa mkononi. Ijumaa shati lilikuwa limenyooshwa, limetundikwa, na halina wa kulifuata.

Jumamosi asubuhi akaingia shemeji yake Dobi, mdogo wa mkewe. Huyu alikuwa kijana mfupi, mcheshi, fundi baiskeli, na shati lake lilikuwa na doa la grisi lisilotoka hata kwa dawa. Mke wa Dobi, ambaye mtaani aliitwa Mama Mapacha, alimlea tangu wazazi wao wafariki, na alimwona kama kifungua mimba wake.

"Shemeji, niokoe," kijana alisema. "Nikienda na hili langu, lori litanifuata lenyewe."

Dobi alitazama kamba. Meupe yote yalikuwa yamekwisha ila lile la ngazi ndogo. Akalishusha. Mikono ilimzidi kijana, vidole havionekani.

"Limekaa kama kanzu," shemeji alisema, akajizungusha. "Lakini lina elimu hili. Nimelivaa tu, nimejisikia kusahihisha madaftari."

"Tulia nikukunjie mikono. Ukicheka nakuchoma sindano."

Uwanjani kola yake haikuchafua glavu. Alichukuliwa kwa sababu nyingine, kwamba hotuba ikiendelea alicheka. Alicheka nini, hakuna aliyesikia.

Dobi alimwambia mkewe kwamba kijana atakuwa amevuka mpaka, vijana wengi walikuwa wakivuka. Na mwezi uliofuata, mama yake Mwalimu alipokuja kuulizia shati la mwanawe, Dobi alikuwa amesimama kwenye karai, mikono imejaa povu. Angesemaje? Kwamba mwanao alikuwa hajamaliza wiki tangu achukuliwe, nami nikamvisha mwingine shati lake?

"Halikuletwa, mama," alisema. "Labda alikuwa amelivaa."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Ni maneno machache tu. Yalikaa miaka kumi na tisa.

Bwana Safi hakufikishwa mahakamani. Alikimbilia ugenini, akazeeka huko, akafa kitandani kwenye shuka zilizobadilishwa kila asubuhi. Siku Dobi aliposikia habari hizo redioni alichoka kuliko siku nyingine.

Kisha wachimba mtaro wakafukua shimo nyuma ya tanuru la matofali. Waliochukuliwa na malori walikuwa wengi mle, mifupa na mashati. Mtaalamu wa mifupa aliahidiwa, na bado anaahidiwa mpaka leo. Walichopewa watu ni ghala la zamani, meza ndefu, karatasi za kaki walimofungwa mmoja mmoja, na binti mmoja karani mwenye daftari. Pamba ilikuwa imeoza. Tetroni haikuoza, wala nailoni. Binti yule ndiye aliyegeuza kola ya kwanza akaona vijiti vitatu vyekundu. Akauliza watu. Wakamwambia, hiyo ni kazi ya Dobi, mfuate.

Kwa hiyo uzeeni Dobi akapata kazi mpya. Kila asubuhi alikaa ghalani na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akisoma kola. "Mfamasia. Yule mkubwa." Binti anaandika. "Huyu wa duara ni fundi saa, au mdogo wake, walivaliana." Binti anaandika. Saa sita wanakunywa chai bila kutazamana. Watu wakaja, wakalia, wakachukua watu wao. Mtaani walianza kumwamkia kwa heshima ambayo hakuwahi kuipata alipokuwa akiwafulia. Alirudi nyumbani amechoka, mwili na roho, mkewe anamwuliza swali lile lile: "Leo?"

"Leo hapana."

"Afadhali," mkewe husema. Kwake yeye, kila siku ya hapana ilikuwa siku moja zaidi ya mdogo wake kuishi huko ng'ambo, pengine na watoto.

Jumanne moja binti alifungua karatasi, na Dobi akaona ngazi ndogo ya vidaraja viwili.

Mama yake Mwalimu alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa akija kila siku na kiti chake, amekwisha kuwa bibi kizee mwenye mgongo kama upinde. Naye alama yao aliijua. Nguo zao alizifua mwenyewe siku ambazo Dobi aliugua. Alisimama. Hakulia. Aliweka kiganja juu ya meza, akasema, "Haya, baba. Umefika."

Binti akamtazama Dobi athibitishe. Dobi alikuwa akitazama mkono wa shati. Ulikuwa umekunjwa kwa ndani, upana wa vidole vinne, na kushikizwa kwa mishono mipana ya haraka, kama ya mtu anayemshonea anayecheka.

"Ni ya nyumba ya Mwalimu," alisema, na huo haukuwa uongo. Binti akaandika. Wakapatana kwamba Ijumaa mama atakuja na kitambaa cheupe kumchukua.

Dobi alifika nyumbani jua lingali juu. Mkewe alikuwa akichambua mboga.

"Leo?"

Dobi akakaa kwenye kigoda, akavua miwani, akamwambia yote, shati, mikono iliyokunjwa, mama mlangoni na lile neno la kwamba halikuletwa. Alisema akitazama sakafu. Alipomaliza, mkewe bado alikuwa na jani moja mkononi.

"Miaka yote hii," alisema Mama Mapacha. "Umenilaza na hadithi ya mtu wa ng'ambo."

"Nilidhani nakupunguzia."

"Ulijipunguzia wewe." Akaweka jani chini. "Na yule mama?"

"Amefurahi, mke wangu. Nisipomwambia, atamzika mtu, atapumzika. Ana miaka themanini na ushei."

"Atamzika mdogo wangu, halafu mwanawe akitoka kwenye karatasi ya kesho, atamchukua nani? Ataambiwa huyu wako ulishamchukua?" Sauti yake haikupanda, nayo ilikuwa imechoka. "Mimi siendi kumnyang'anya mama wa watu maiti mkononi. Uliyemdanganya ni wewe, utakayemwambia ni wewe. Mimi nitakuja kusimama tu."

Siku tatu hizo walilala kila mmoja amegeukia ukuta wake.

Ijumaa mama yake Mwalimu alikuwa ametangulia, na kitambaa kimekunjwa mapajani. Binti alikuwa amefungua daftari penye mahali pa kuweka dole gumba. Dobi alisimama mbele ya bibi yule, akachuchumaa, akawa kama anayeomba.

"Mama, shati lililetwa," alisema.

"Lipi, baba?"

"La Mwalimu. Alilileta Jumatatu. Siku alipochukuliwa lilikuwa kwangu. Nililiazimisha. Uliponiuliza nikasema halikuletwa." Akaonyesha karatasi iliyokuwa mezani. "Huyu ni shemeji yangu. Mikono nilimkunjia mimi. Mwalimu alikuwa mrefu, mama, asingekunjiwa."

Kalamu ya binti ilisimama. Bibi kizee alimtazama Dobi, akilipekua kila neno kama mtu anayetafuta sarafu kwenye majani.

"Ulikuwa na povu mikononi," alisema. "Nakumbuka. Nilisema moyoni, huyu baba hata mikono hafuti, ana kazi nyingi."

"Ndiyo, mama."

"Siku tatu hizi nililala. Umeniamsha."

Bibi aliinua macho, akamwona Mama Mapacha amesimama nyuma, ukingo wa khanga umebanwa mdomoni.

"Ni nani wako, mwanangu?"

"Mdogo wangu, mama. Nilimlea."

"Alikuwa na umri gani?"

"Ishirini na mbili."

Bibi akatikisa kichwa. Akakichukua kitambaa, akakinyoosha mara moja kwa kiganja, akampa.

"Mimi sina la kukifanyia leo. Kitakuwa kirefu, nilikipima kwa mwanangu. Mkunjie."

Mama Mapacha alipiga magoti akakipokea kwa mikono miwili, na hapo ndipo sauti ilipomtoka. Bibi alimwacha alie. Kisha akaushika mkongojo, akavuta kiti chake kutoka mlangoni, polepole, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, mpaka karibu na meza, akakaa kandokando ya Dobi.

"Yamebaki mangapi?" aliuliza.

"Mengi, mama."

"Mimi sisogei tena hapa. Macho yangu si mazuri, lakini masikio yapo. Kila moja utalisoma kwa sauti, na usinifiche hata moja."

Dobi alijiinua kwa kushika ukingo wa meza, akavaa miwani. Binti akafungua karatasi iliyofuata.

"Jembe," Dobi alisoma. "Nyumba ya muuza mkate."

"Si yeye," bibi alisema. "Endelea."