Sahihi Yangu Imemvua Mtani Wangu Cheo

Barua hii imetoka kwa msomaji wetu wa Bagamoyo. Jina lake tumelibakiza mezani kwetu.

Mimi ni sajini, umri miaka thelathini na minane, Mzaramo, nina mke na watoto wanne. Niliumia goti vitani, nikarudishwa kufundisha makuruta kambini, karibu na Kerege. Askari thelathini niliokuwa nikiwaongoza wanarudi vitani mwezi ujao, na wanahitaji sajini mwingine.

Kapteni aliniuliza nani anafaa. Nikamtaja koplo mmoja Mnyamwezi, aliyewahi kututoa wazima kwenye mvua ya risasi. Kapteni akakubali. Kumbe mkubwa mmoja wa serikali alikwishamwahidi tajiri wa mjini kwamba mwanawe atapewa cheo hicho, ili naye tajiri awahimize vijana wajiandikishe. Kijana mwenyewe bunduki anaishika kama mwiko! Tangu lini sajini akachaguliwa barazani kwenye kahawa?

Wakatafuta sababu ya kumwondoa koplo. Nikaitwa mbele ya mkubwa yule na karani wake.

"Sajini, ni kweli koplo huyu alisema baba yako alikuwa mtumwa wake?"

Ni kweli, alisema siku ya mazishi ya baba. Wanyamwezi ni watani wetu, na utani huruhusu mzaha hata msibani. Alishuka kaburini akakaa kitako, akasema mtumwa wake hazikwi mpaka yeye apewe kofia ya marehemu. Tukampa. Mama, ambaye alikuwa hajatia kitu mdomoni siku mbili, alipohadithiwa nyumbani alicheka, akaomba uji.

Nikajibu, "Ndiyo, bwana mkubwa, alisema, lakini ule ni..."

"Inatosha."

Karani akaandika, nami kwa ujinga wangu nikatia sahihi. Koplo akavuliwa cheo kwa kosa la kumtukana mkubwa wake, yaani mimi. Nilipomwendea Kapteni, aliinamisha kichwa. "Najua, sajini. Amri imetoka kwa walio juu yangu."

Nikiikana sahihi yangu nitashtakiwa kwa uongo, na wanangu watakula wapi? Nikinyamaza, watu thelathini niliowafundisha mwenyewe watamfuata mtu asiyejua hata kulenga shabaha.

Jana nilimkuta mtani wangu akifyeka majani nyuma ya jiko la kambi. Nikamchokoza, "Wewe mtumwa, kofia ya baba yangu iko wapi?" Nilitamani anitukane, hata kidogo tu.

Akasimama wima, akapiga saluti.

"Nitairudisha, afande."

Ndugu zangu wasomaji, nishaurini, nifanye nini?