Kijiji chetu kimerukwa kwenye sheria, na mume wangu anataka mwanangu akaamie ndege

Naomba jina langu na la kijiji yabaki kwenu hapo ofisini (mengine nimeyabadili), maana mume wangu naye husoma gazeti hili akifungiwa vitumbua. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tano, niliishia darasa la saba. Nina watoto wawili: Vene, anayerudia darasa la kwanza, na mdogo wake ambaye bado ananyonya. Tunaishi kando ya barabara ya Kidatu kwenda Ifakara, tunalima mpunga.

Kwa wasiojua maisha ya huku, mashamba yetu yako mbali bondeni, ng'ambo ya mto. Mvua zikianza nyumba nzima inahamia huko, tunajenga vibanda, kijiji kinabaki na wazee na kuku. Mpunga ukianza kujaza punje ndege wanashuka kama wingu, na wa kuwaamia, yaani kuwafukuza, ni watoto, wakipiga madebe tangu alfajiri mpaka jua lizame. Ndivyo Vene alivyopoteza mwaka jana. Aliporudi wenzake walikuwa wanasoma sentensi, yeye hata kuandika jina lake alikuwa amesahau. Mwalimu mkuu akamrudisha nyuma, akaniambia, "Mama Vene, akipotea tena msimu huu namfuta. Nafasi yake nampa mwingine."

Sasa iko sheria ndogo ya halmashauri inayokataza kumtoa mtoto shuleni kwa kazi za shamba au mifugo. Mzazi mkaidi anaitwa na mtendaji wa kijiji, anachukuliwa hatua. Nilipoisikia nilifurahi. Kumbe haituhusu! Kijiji chetu kilimegwa kutoka kijiji jirani, na sheria ilipoandikwa vijiji vikatajwa kimoja kimoja, chetu kikarukwa. Shule ni moja, iko kwa majirani. Vene anakaa dawati moja na mtoto wa Mama Masanja, jirani yangu Msukuma wa ng'ambo ya mfereji ulio mpaka wa vijiji vyetu. Yule akipelekwa kuchunga ng'ombe, baba yake anaitwa ofisini. Wangu akipelekwa kuamia ndege, hakuna wa kuuliza.

Mume wangu amelijua hilo na ndiyo ngao yake.

"Hiyo sheria ya watu wa ng'ambo ya mfereji," ananiambia. "Sisi hatumo."

"Lakini mtoto ni wako, Baba Vene, si wa sheria."

"Ni wangu, ndiyo. Na wali anaokula unatoka wapi?"

Mama mkwe anachochea kwa kicheko: "Mwanangu, hivi ulioa mke au ulioa mwalimu?"

Mume wangu si mtu mbaya. Mwaka ule Vene alipougua malaria shambani, alimbeba mabegani akapita naye kwenye maji ya kifuani mpaka zahanati. Ndiyo maana inaniuma zaidi.

Nikaenda kwa mtendaji wetu. Akasema, "Shemeji, nikimwita mumeo ataniuliza ni kwa kifungu gani, nami sina." Nikapanda basi litokalo Kidatu, mtoto mgongoni, hadi mjini. Ofisi siitaji. Afisa alinipokea vizuri, akafunua makaratasi yake, akasema, "Mama, hili ni kosa dogo tu la kiufundi. Linarekebishwa." Nikamuuliza lini. Akasema kwanza kijiji kikae mkutano mkuu kiombe kuingizwa, halafu liende kwenye kamati, halafu madiwani, halafu kwa waziri, likirudi litangazwe.

"Baba, ndege wanakuja mwezi ujao," nikamwambia.

"Hatua ni hatua, mama."

Kosa dogo! Dogo kwake yeye, ambaye watoto wake hawajui hata kibanda cha shamba kinafananaje.

Nilimsumbua mtendaji mpaka akaitisha mkutano. Walikuja wazee, wajawazito wawili na mzee mmoja aliyekwisha lewa. Akidi haikutimia, mwenyekiti akasema tungoje baada ya mavuno. Watu wote wako shamba na watoto wao! Yaani ili tuombe sheria ya kuwazuia watoto wasiende shamba, tungoje kwanza warudi kutoka shamba. Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele ya watu. Yule mlevi akasema, "Jamani, huyu analilia mkutano kama msiba." Wakacheka, nami nikafuta machozi nikaenda zangu.

Mimi nimebaki huku nyumbani kwa sababu ya kliniki ya mdogo. Juzi Baba Vene alikuja kuchukua chumvi na mafuta ya taa. Vene akamsomea maandishi ya kwenye karatasi ya sabuni, polepole, kidole kikifuata. Baba mtu akatabasamu mpaka nikaona haya kwa furaha. Kisha akaniambia, "Mpunga ukitoa masuke nakuja kumchukua."

Nikasema haendi. Nitakwenda mimi na huyu wa mgongoni, nitaamia ndege.

"Utakimbilia upande huu, wao wanakula upande ule. Na Vene atabaki na nani?"

Mama Masanja, ambaye huniita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, alishaniambia, "Mayu, mlete alale na wanangu. Akiwa kwangu sheria inamshika." Nilipolisema hilo mume wangu akasimama. "Mwanangu alelewe na watu wa ng'ombe, nami niko hai? Basi baki na mwanao. Mimi nitatafuta mwingine wa kukaa naye shamba."

Wanawake wa huku mnajua maneno hayo maana yake nini.

Wasomaji, msiniambie nimwache Vene aende, hilo nimeshalikataa moyoni. Wala msiniambie ningoje marekebisho, maana yakifika mwanangu atakuwa ameshafutwa. Nampenda mume wangu na nyumba yangu naitaka. Nimpeleke kwa Mama Masanja kwa nguvu na yatakayokuja yaje? Niwaite wazee wa ukoo wake, au padri? Mliowahi kusimama mahali hapa, mlishikaje mtoto kwa mkono mmoja na ndoa kwa mwingine? Nishaurini, nifanye nini kabla mpunga haujatoa masuke?