Siku Tuliyomwomba Jini Radhi

Enzi zetu pale Garissa, saa sita mchana ilikuwa na wenyewe. Jua likishafika utosini na kivuli chako kikajificha chini ya nyayo kama kifaranga, kila mzazi aliita watoto wake ndani. Kwetu, Mama alisema jua la saa hiyo huchemsha ubongo. Kwa kina Habiba, nyumba ya pili, walisema saa hiyo majini hutoka na watoto wao kupunga upepo. Mimi niliziamini nyumba zote mbili. Nilikuwa mtoto wa kupenda kukaa ndani, na nilipopewa sababu mbili za kukaa ndani sikuona haja ya kuchagua.

Baba alikuwa karani wa serikali. Barua ya uhamisho ilimtoa Kitui ikamvusha daraja la mto Tana, naye akatuvusha sisi pamoja na masanduku mawili na gunia la muthokoi, mahindi ya kukobolewa ya kwetu Ukambani. Ng'ambo ya daraja tulikotoka, majirani walikuita Kenya. "Mnaenda Kenya lini?" walituuliza Desemba ikikaribia, kana kwamba tunapanda ndege.

Mtaa wetu wa Waberi wa wakati huo, nani anaukumbuka? Nyumba za mabati zilizolia pa! pa! zikipata joto. Ua wa miiba na mathenge, mti ambao hata panga limeshindwa nao. Maji yalikuja kwa mkokoteni wa punda, na punda mwenyewe alijua milango kuliko mwenye punda. Makorongo yalisimama jalalani mikono nyuma kama wakaguzi wa shule. Tulicheza kati kwa mpira wa soksi na karatasi za nailoni, tukaruka kamba ya blada mpaka magoti yakawa ya kijivu. Asubuhi nilivuka ua kwenda kula anjera kwa chai ya maziwa, mchana Habiba alivuka kuja kula muthokoi, na mama zetu walijifanya hawajui kwamba wamebadilishana watoto. Kiswahili chetu kilikuwa cha ua. Mwalimu wetu alikisahihisha mpaka kalamu nyekundu ikamwishia, lakini sisi tulielewana.

Aliyekuwa mwalimu wetu wa mambo mengine ni Ayeeyo Dahabo, nyanya yake Habiba. Ayeeyo ndiyo nyanya kwa Kisomali, nami nilimwita hivyo bila kuomba ruhusa. Alikuwa mrefu, mswaki haukumtoka kinywani, na aliwajua majini kwa tabia zao kama mtu anavyowajua majirani. Usipige mluzi ndani. Usikae mlangoni. Na kubwa kuliko yote: usimwage maji moto kabla ya kusema Bismillahi, maana hujui watoto wa nani wanacheza hapo chini.

Mama yangu, mwimbaji wa kwaya, akisikia hayo alicheka. "Mwende, hebu fikiria. Jini mwenye akili zake atakaa Garissa na joto hili?"

Sasa, mwaka huo nilipata bahati ambayo sikuiomba. Siku ya wazazi shuleni ilikuwa inakuja, na mwalimu wetu, Madam, akanichagua mimi kughani shairi, peke yangu, mbele ya watu wote. Mimi ambaye kwenye picha ya darasa unaona sikio langu tu! Mama alishona gauni la manjano. Kanisa zima likatangaziwa. Baba, ambaye hakuwahi kuomba ruhusa kazini hata akiwa na malaria, akaomba ruhusa.

Jumamosi kabla ya siku hiyo, Mama alinipa sufuria ya maji ya muthokoi nikamwage kule mwisho wa ua, yakishapoa. Saa sita mchana. Mimi na uvivu wangu nikaona mwisho wa ua ni mbali kama Mandera. Nikasimama papo hapo mlangoni, nikayarusha yakiwa bado yanatoa mvuke. Yakaangukia shina la mathenge, kwenye shimo moja la mchwa. Shimo likatoa sauti: ssssiiii!

Kichwa cha Habiba kikatokea juu ya ua. "Naa Mwende! Umesema Bismillahi?"

"Nimesahau."

"Kusahau ni kitu uliwahi kujua. Wewe hujawahi kusema." Akatega sikio. "Umesikia?"

"Ni maji."

"Maji hailiangi hivyo. Hiyo ni mtoto."

Nilicheka. Nilicheka vizuri sana, na nakikumbuka kicheko hicho kwa sababu kilikuwa cha mwisho wiki hiyo. Jumapili asubuhi kanisani nilifungua kinywa kuimba, ukatoka upepo. Nikajaribu tena. Upepo.

Mama alinipa maji ya chumvi nisukutue. Akanipa ndimu, akanipa tangawizi iliyonitoa machozi. Baba alisema nyumba imekuwa na amani ya ajabu, akaangaliwa na Mama, akarudi kwenye gazeti lake. Jumatatu, kimya. Jumanne, kimya. Madam akanishika bega. "Mwende, siku yenyewe ni Ijumaa. Kesho kutwa kama bado, nampa mwingine shairi."

Nililia bila sauti, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika. Habiba aliniangalia kama daktari.

"Umeumiza mtoto ya watu," alisema. "Halafu unakunywa ndimu. Ndimu itakuombea msamaha?"

Nikaandika mchangani kwa kidole: NIFANYE NINI?

"Tutapeleka ergo."

Wasiowajua Wasomali niwaeleze. Mtu akimdhuru mwenzake, wazee wa upande wake hukusanyika na kwenda kwa aliyedhuriwa. Hiyo ndiyo ergo. Hufika, huketi chini, na hawaonji hata maji mpaka wasamehewe. Habiba aliyaona hayo kwao tangu akitambaa. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kabisa kwamba kesi ya jini nayo iende kwa njia hiyo hiyo.

Jumatano darasa letu lilitoka mapema, na kufikia saa sita tulikuwa chini ya mathenge. Matatizo yalikuwa mawili. La kwanza ni lugha. "Jini ya hapa inajua Kisomali, Kiarabu na Kiswahili ya sokoni," alisema Habiba. "Kikamba hapana. Kwa hivyo mimi ndiyo nitaongea. Na wewe hata hivyo huna sauti." La pili ni idadi. Wazee wawili si ergo. Habiba akazunguka nyumba, akarudi akimvuta beberu wa Ayeeyo, aliyeitwa Chifu. "Huyu ana ndevu," akasema, akamfunga kwenye mti upande wa pili wa shimo. Mbele yetu akaweka kikombe cha bati cha buluu kilichojaa maziwa ya ngamia. Alikuwa amekichukua jikoni kwa Ayeeyo bila kuaga.

Tukaketi. Habiba akasafisha koo.

"Assalaamu aleykum, watu ya shimo. Sisi ni ergo. Huyu ni Mwende, binti ya karani. Hana akili lakini hana ubaya. Hajui Bismillahi kwa sababu kwao hawakumfundisha, siyo makosa yake, ni makosa ya mama yake..."

Nilimfinya.

"Sawa, mama yake pia hana makosa. Amewaletea maziwa. Shikeni, mrudishe sauti, Ijumaa ako na shairi. Hatunywi maji mpaka mseme mmesamehe."

Tukangoja. Jua lilitubonyeza kichwani kama pasi. Ulimi wa Habiba ulikuwa umeanza kulamba midomo. Mzee wetu wa tatu alitafuna kamba yake. Ndipo tukasikia ndara nyuma yetu, na Ayeeyo akasimama pale, amekuja kutafuta kikombe chake.

Alitazama kikombe, akatazama shimo, akatazama vumbi la machozi usoni mwangu. Habiba akamweleza yote kwa pumzi moja.

"Na mzee wenu ni nani?" akauliza Ayeeyo.

Habiba akamwonyesha Chifu.

Ayeeyo akageuza uso kidogo. Mabega yake yalitikisika. Kisha mama huyo mtu mzima, katika jua ambalo yeye mwenyewe alitukataza kutoka, akakunja miguu akaketi mchangani kando yangu. "Bole, Mwendi," akaniambia, maana 'p' haikuukubali ulimi wake. "Ergo bila mtu mkubwa ni mchezo." Akaanza kusema na shimo kwa Kisomali, polepole, kama unavyosema na jirani mliyekosana lakini bado unampenda. Sikuelewa ila jina langu, lililorudi mara tatu.

Hakuwa amemaliza tulipoiona chamchela. Ilitoka upande wa soko, nyekundu, ndefu kuliko mnara wa msikiti, imebeba karatasi za nailoni na unyoya wa korongo. Kila mtoto wa Garissa alijua nani husafiri ndani ya upepo wa namna hiyo. Ilicheza kidogo barabarani, ikasita, halafu ikageuka ikaja moja kwa moja kwetu, ikapita juu ya ua kama haukuwapo.

"Fumba macho!" Ayeeyo akatufunika kwa shuka yake. Mabati yakapiga makofi, Chifu akalia, mchanga ukajaa mdomoni. Na katikati ya fujo hiyo nikasikia mtoto akipiga ukelele wa kupasua anga: "BISMILLAHI!"

Nikawaza, ni mtoto wa nani huyo? Nilikuwa mimi.

Vumbi lilipotua, kikombe kilikuwa pale pale, kimesimama wima. Kitupu. Mchanga uliokizunguka ulikuwa mkavu. Ayeeyo alikitazama kwa muda, akajipangusa magoti. "Wamekubali," akasema, kama mtu aliyemaliza kupokea salamu.

Hapo ndipo nilipomwona Mama mlangoni, mwiko mkononi. Alikuwa amesikia. Mtaa mzima ulisikia. Binti wa kwaya, chini ya mti, na vumbi kichwa kizima, akiita Bismillahi kumwomba jini msamaha. Nilingoja mwiko.

"Rudia," Mama akasema.

"Nini?"

"Chochote. Sema chochote."

"Mama, nina njaa."

Mama aliegemea mlango akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Ayeeyo akacheka, kisha Mama akaingia ndani akatoka na sinia la muthokoi kwa ergo nzima. "Na huyo mwenye ndevu anakula nini?" akauliza.

Ijumaa nilighani. Ubeti wa tatu niliusahau nikaurudia wa pili kwa sauti kubwa zaidi, na Baba alipiga makofi mahali pasipostahili. Kuanzia wiki hiyo nikaona kitu: Mama akitoka na sufuria, alisimama, akangoja mvuke uishe, kisha akamwaga taratibu, midomo ikicheza. Nilimuuliza anasema nini.

"Siwezi kuomba kwangu mwenyewe?" akanijibu.

Miaka imekwenda. Baba na Mama walirudi Kitui, mimi nikabaki Waberi na cherehani yangu, na watu husema safari yangu ndefu ni ya kutoka kitandani hadi jikoni. Wananionea. Huwa nafika pia hadi langoni. Ninakaa na Mumbua, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tatu na anajua kila kitu kwa sababu simu yake inajua. Nilipomsimulia kisa hiki alikuwa na jibu kabla sijameza mate.

"Aunty, koo ilikuwa imefura tu. Cheki hapa. Siku tatu, nne, inajirudi. Hiyo chamchela ni hewa moto. Na maziwa ilikunywa mbuzi."

Hata mimi kwa miaka nimemshuku Chifu. Habiba ndiye aliyekataa katakata: kamba ya Chifu haikufika. Alikunywa mwenyewe aliyealikwa, alisema. Tumebishana juu ya kikombe hicho kwenye harusi yake, kwenye matanga ya Ayeeyo, Mungu amrehemu, na kila likizo anapokuja kutoka Hadado anakofundisha.

Mwezi jana alikuja. Akaketi kwenye mkeka wangu, na Mumbua akamkabili. "Aunty Habiba, sema ukweli. Nani alikunywa hiyo maziwa?"

Habiba aliuvuta ushungi wake. "Mimi," akasema.

"Wewe!" Niliacha sindano. "Ergo haionji hata maji!"

"Wallahi nilikuwa na kiu, abaayo, dada yangu. Ayeeyo alitufunika, mkono yangu ikagusa kikombe. Nilikuwa na miaka tisa!"

Mumbua alipiga kofi kwa ushindi. Nami, sitawaficha, niliumia. Miaka yote hii nimechekea majini mdomoni huku moyoni nikiwawekea nafasi.

"Lakini nilikunywa nusu," Habiba akasema.

"Nusu nini?"

"Nusu kikombe. Ilikuwa imeingia mchanga, nikaacha, nikairudisha chini vizuri. Hiyo nusu nyingine, naapa, sijui ilienda wapi. Ndiyo sababu sikuwahi kusema. Ningesema nusu ya kwanza mngesema na ya pili ni mimi."

Mumbua aliweka simu chini. Hilo peke yake ni muujiza wa kutosha.

Mathenge yale yalishang'olewa, palipokuwa na shimo kuna duka la saruji. Watoto wa siku hizi saa sita mchana wako ndani bila kuitwa, na hofu yao kubwa ni chaji kuisha. Maji moto tunayamwaga kwenye sinki, yanashuka na bomba, na kama huko chini kuna mtoto wa mtu hatusikii akilia. Mumbua alipopotewa na sauti mwaka jana, marafiki zake arobaini walimtumia nyuso za kulia kwa dakika moja, na baada ya siku nne ikarudi yenyewe, kama simu ilivyosema. Hakuna aliyevuka ua. Ua wenyewe sasa ni ukuta wenye vipande vya chupa juu yake. Siwalaumu. Mimi mwenyewe sitoki. Ila huwa nawaza juu ya yule mama aliyeketi kwenye mchanga unaounguza, akaniombea kwa lugha nisiyoijua, na sikumbuki kama nilimwambia asante nilipopata sauti ya kusemea.

Asubuhi ya Habiba kuondoka, nilimmiminia maziwa. Nusu kikombe.

Akakitazama. "Naa Mwende, na nusu nyingine iko wapi?"

"Muulize uliyekunywa naye."

Alicheka mpaka maziwa yakampalia. Jikoni, Mumbua alikuwa amesimama na sufuria ya maji ya tambi juu ya sinki, hamwagi, anangoja mvuke uishe.