Utetezi wa Bundi wa Langas

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilimtetea bundi nikashinda kesi, na kuku wangu akauawa kwa sababu ya ushindi huo. Naeleza mambo kwa mpangilio kama yalivyotokea, kwa kuwa nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Kukhu kama wafanyavyo Waluhya, aliyasimulia kwa mpangilio mwingine mpaka alipofariki.

Tuliishi mtaa wa Langas, kwenye ploti yenye nyumba ya mabati na stoo ya mahindi nyuma yake. Alhamisi moja jioni bundi alilia juu ya stoo hiyo. Kukhu aliweka chini ungo wake.

"Huyo anaita mtu," alisema. "Kabla ya Jumapili kutakuwa na kifo hapa."

Kesho yake asubuhi ndege huyo alipatikana kwenye boriti ya stoo, amefumba macho kama bawabu aliyetoka zamu. Mjomba Wafula akaokota mawe matatu.

Lazima nikiri kwamba niliogopa. Mtu mzee kuliko wote nyumbani alikuwa Kukhu mwenyewe, na nilikuwa nimekwisha kukisia nani angeitwa kwanza. Hata hivyo, sikuona mawe yangesaidia nini.

"Mjomba, amefanya kosa gani?"

"Anatuitia kifo."

"Ameita ama ameonya? Mtu akipiga nduru kwamba nyumba inaungua, tunampiga mawe yeye?"

Mjomba alimgeukia Kukhu. "Mama, huyu mtoto unamlisha nini?"

"Na wale panya wa mahindi," niliendelea, maana niliona mkono wenye jiwe umeshuka kidogo, "tukimuua, nani atakuja kuwala?"

Kukhu alimwashiria Mjomba ayatupe mawe. "Haya, wakili. Bundi tumemwacha. Na hicho kifo, tukifanyie nini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikatoa jibu la kwanza lililonijia: "Tuite watu wa maombi."

Jumamosi adhuhuri walifika, mchungaji na akina mama wanne. Waliingia stoo, wakainua mikono kuelekea boriti na kukemea kwa sauti ambayo majirani waliacha kufua ili waisikilize. Bundi alifumbua jicho moja, akaona shauri hilo halimhusu, akalifumba.

Nilikuwa bado nafurahia ushindi wangu Kukhu alipotoka jikoni na kisu, akaanza kuangaza macho uani. Nikaelewa. Kwetu, mgeni asiyepikiwa kuku huondoka akisema hakula, hata kama amevimbiwa na wali. Na kuku aliyekuwa uani siku ile alikuwa mmoja tu, Jemima, niliyemlea tangu kifaranga kwenye katoni chini ya kitanda changu.

"Kukhu, huyo ni wangu!"

"Najua. Na hawa wageni ni wa nani? Si wewe ndiye uliyewaita?"

Nilitafuta hoja. Niliyoipata ni kwamba Jemima hakuwa amelia juu ya paa la mtu yeyote. Wafula alisema hiyo ilikuwa hoja nzuri sana, kisha akamshika miguu.

Firigisi alipewa mchungaji, kama inavyostahili. Mimi nililia na kususa mpaka ugali ukapoa. Kisha nilikula bawa. Siwezi kulificha jambo hilo, na siwezi kudai kwamba halikuwa tamu.

Wageni walipokwisha kuondoka, Kukhu alinyonya mfupa wa mwisho akatazama juu ya stoo. "Nilisema kabla ya Jumapili."

"Ulisema anaita mtu!"

"Kwani wewe unalilia nini," aliniuliza, "kama aliyekufa si mtu?"

Nimesikia mawakili waliobobea wakihoji mashahidi, na sijasikia swali la kumaliza kesi kama lile. Sote tulijadili kwa uzito kama bundi aishi au afe. Kuhusu Jemima hapakuwa na kikao. Hata mimi, mtetezi wa wanyama, sikumkumbuka mpaka nilipokiona kisu.

Siku hizi nafuga kuku, na wanangu wamewapa majina licha ya ushauri wangu. Siamini ishara, ushahidi wake haujawahi kuniridhisha. Lakini bundi anapolia juu ya paa letu, mimi huchukua simu nikatazama kama kuna mgeni aliyesema anakuja.