Dumu la Maji ya Ndimu

Harufu ya mabibo yaliyoanza kuchacha hunishika kooni hata leo. Kila ifikapo Novemba, mikorosho inapomwaga matunda yake kuanzia Naliendele na kuendelea bara, upepo wa mchana huuleta ule utamu mpaka kwetu Ufukoni, na majirani hufurahi kwamba msimu umewadia. Mimi husimama palepale nilipo, mikono imelegea, na kwa dakika nzima huwa na umri wa miaka kumi, niko pembeni mwa barabara ya mchanga na baiskeli ya baba, nguo zimelowa, sijui niseme nini. Watu hudhani nayatamani mabibo.

Baba yangu alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Aliwanunua pwani, akawafunga kwenye tenga nyuma ya baiskeli yake nyeusi, akawapeleka vijiji vya juu, Nanyamba na kupita, safari ya kutwa nzima kwenye mchanga na vilima. Kazi hiyo ilimpa elimu yake mwenyewe kuhusu tumbo la mwendesha baiskeli, na hakuna aliyeruhusiwa kuibishia. Asubuhi kabla ya kuondoka, uji mwepesi wa muhogo. Njiani, muhogo wa kuchemsha uliopoa, kipande kimoja kila baada ya kilima, na usingoje njaa ikuambie. Ming'oko, ile mizizi myembamba ya porini tunayoichemsha kwa chumvi, ilikuwa ya mchana, kwa sababu kuimenya kunachukua muda na kwa hiyo miguu inapumzika upende usipende. Korosho za kukaanga, konzi moja tu. Tende tatu kwa ajili ya mlima wa mwisho. Maharage yalipigwa marufuku, na chochote chenye nazi kilimletea kiungulia akiinama kwenye usukani. Halafu lilikuwapo dumu la lita tano, lenye maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo, sukari na ndimu mbili. Hilo hakuligusa mpaka nusu ya safari, eti mwili ukionjeshwa maji mapema unazoea kudai. Hapo alikosea, najua sasa, ila wakati ule neno lake lilikuwa sheria.

Aliyevifunga vyote hivi ni mama. Muhogo kwenye jani la mgomba, ming'oko kwenye kitambaa safi, kisha furushi zima linakazwa kwa kamba ya ukindu kwa fundo ambalo hakuna mwingine nyumbani aliyeliweza. Baba alipokea, akafunga kwenye baiskeli, akaondoka bila kukagua ndani, na mama alijivunia sana jambo hilo. Aliwahi kuwaambia wenzake kisimani kwamba mumewe angekula hata mawe, mradi yamefungwa naye.

Lazima niseme pia kwamba baba aliwahi kunywa. Kabla sijaanza shule alikuwa mtu wa uraka, ile pombe ya mabibo, na kuna siku ilionekana wazi kwamba baiskeli ndiyo iliyomrudisha nyumbani, si yeye aliyeirudisha. Aliacha ghafla, akarudi msikitini, na kwa miaka minne hakugusa tone. Lakini nyumba haikuacha kumnusa. Mama alimpokea mlangoni, akamsogelea usoni kwanza, ndipo akapokea mzigo. Sisi watoto tulijua maana yake, na baba alijua kwamba tunajua.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi, dada yangu Zuhura, aliyelelewa na mama mkubwa katika kijiji kimoja mbele ya Nanyamba, alikuwa anaolewa. Ndoa ingefungwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na baba, akiwa ndiye walii, alipaswa kuushika mkono wa bwana harusi na kumwoza binti yake wa kwanza. Upande wa mume walikuwa watu wenye msimamo mkali. Habari za zamani za baba zilikuwa zimewafikia, na walitaka kumwona kwa macho yao. Mama alikuwa ndani ya arobaini, ana kichanga cha wiki mbili, hawezi kusafiri. Ikaamuliwa niende mimi na baba kwa baiskeli. Alhamisi alasiri mama aliinuka kitandani akijikongoja, akachemsha muhogo, akajaza dumu, akafunga furushi. Alipomwonyesha baba alimwambia, “Baba Zuhura, kesho ndiyo nitajua kama umeacha kweli.” Alicheka aliposema hivyo. Baba hakucheka.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Jirani alikuwa amemletea mama kapu la mabibo kumpongeza kwa uzazi. Mimi sikuyapenda yale maji ya chumvi na ndimu, na nilijua njiani nitagawiwa hayohayo. Mama aliporudi kulala nikayakamua mabibo yote kwa kitambaa, nikamwaga maji ya ndimu ya mama kwenye karai la vyombo, nikajaza juisi ndani ya dumu mpaka shingoni na kukaza mfuniko kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa mtoto wa mjini. Sikujua kwamba juisi ya mabibo haimngoji mtu. Nililala nikiwaza jinsi baba atakavyoshtuka kwa utamu na kuuliza nani kafanya hivi.

Alfajiri ilikuwa tamu kweli. Tulipita Naliendele watu wakitoka msikitini, baba akiimba kaswida kwa sauti ya chini kufuata mwendo wa miguu yake. Kila baada ya kilima alinyoosha mkono nyuma nami nikaweka kipande cha muhogo kiganjani mwake. Dumu lilikuwa limefungwa juu ya mfuko wa nguo, na ndani ya mfuko ule ilikunjwa kanzu yake nyeupe ya harusi. Jua lilipopanda niliona mbavu za dumu zimevimba. Niliona, na sikufikiri chochote.

Karibu na adhuhuri alisimamisha baiskeli. “Haya mama, sasa tunywe,” akaniambia, akashika mfuniko. Haukufunguka. Uliruka! Mlio ulikuwa wa tairi kupasuka, na povu la rangi ya chai likampiga kifuani, likamwingia machoni, likanimwagikia miguuni, likatiririka mpaka mfuko wa nguo ukalowa wote. Nilipiga kelele. Baba alibaki ameshika dumu kwa mikono miwili. Kisha alilamba kidole chake mara moja, akatema chini haraka.

“Uraka,” alisema.

Hakunitazama mimi. Alitazama fundo la ukindu la mama, akalitazama mpaka nikaogopa. Nilifungua mdomo niseme ni mimi, ni juisi tu, nilitaka ufurahi, lakini ulimi uliganda. Yeye alimwaga yote iliyobaki mchangani, akatoa kanzu na kuikung'uta. Ilikuwa na doa kutoka kifuani hadi kiunoni, na doa la bibo halitoki kwenye nguo mpaka nguo ichakae.

Kule juu maji ni shida; watu huyafuata mbali. Katika nyumba ya kwanza tuliyobisha alitoka mama mmoja na kata ya maji mkononi, lakini alipomkaribia baba alirudi nyuma. “Weye baba, na mtoto mdogo hivi! Nenda ukanywe kulekule ulikonywea.” Kisha aliniita mimi peke yangu na kunipa ile kata. Nilikunywa yote, nimesimama, baba ananitazama. Sikumbakishia hata funda moja. Kuanzia hapo alipanda vilima bila kunywa, na bila kula pia, kwa sababu mdomo uliokauka haumezi muhogo. Tende tatu alinipa mimi.

Tulifika watu wameshatoka kusali alasiri. Baba alishuka kwenye baiskeli, akayumba, akashika ukuta. Macho yalikuwa mekundu kwa vumbi na lile povu, midomo imepasuka, shati linanuka mita kumi. Baba mkubwa wa bwana harusi alikuja mpaka mbele yake, akavuta pumzi, akawageukia wenzake na kusema, “Haya, si mnaona wenyewe.”

“Wallahi sijanywa,” baba alisema.

“Na hii harufu ni ya nini?”

Baba alifungua mdomo, akaufunga. Nilisubiri aniseme. Nilitaka aniseme! Aliinamisha kichwa, na mimi nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake nikameza mate tu. Sheikh wa pale, mtu mpole, alimpeleka kando, akamhoji, akarudi na kusema akili yake ni timamu. Wakwe hawakukubali aingie. Mwishowe ikaamuliwa baba ampe sheikh uwakala wa kuoza kwa niaba yake. Alitamka maneno ya uwakala nje ya ua, karibu na baiskeli, na sheikh akaenda kuushika mkono wa mume wa binti yake. Zuhura alichungulia dirishani akamwona. Uso wake siwezi kuueleza, na miaka mingi baadaye bado alikuwa akimuombea dua baba aache pombe.

Sikumwambia mtu. Niliogopa kipigo kwanza, baadaye niliogopa aibu, na mwisho nilijiambia yamekwisha. Jambo moja tu lilibadilika nyumbani. Tangu safari ile baba alijifungia chakula mwenyewe. Alichemsha muhogo wake, akachota maji yake, akakamua ndimu zake. Mama angesimama mlangoni na kuuliza, “Nikufungie?” naye angejibu, “Acha tu, nitafunga.” Nilidhani ni uangalifu wa mtu aliyeungua. Mama alifariki miaka tisa iliyopita, na hata kwa safari ya mwisho aliyoiona, baba alijifungia mwenyewe.

Siku hizi naendesha baiskeli mimi. Tuko watu kumi na wawili hapa mjini, wanaume na wanawake, na mara moja kwa mwezi tunakwenda mbali. Sehemu kubwa ya njia ile sasa ni lami, na kila kijiji kina duka lenye maji ya chupa yaliyopoa. Wenzangu hubeba unga wa kuchanganya na maji na vipakiti vya utamu wa kunyonya, na tunakunywa kila robo saa bila kungoja kiu. Ningekuwa na maarifa haya utotoni, ningembishia baba. Hata hivyo chupa zangu hujazwa kwa kipimo cha mama, na kabla ya kuondoka huzinusa zote.

Mwezi uliopita nilikuwa nafungasha barazani kwa baba, ambaye sasa miguu haimruhusu kwenda mbali. Alinitazama nikikunja jani la mgomba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Vizuri,” alisema. “Chakula cha njia ujifungie mwenyewe. Usimwachie mtu, hata unayelala naye.”

Mikono yangu ilisimama. Nilielewa papo hapo, baada ya miaka ishirini na minane.

“Baba,” nilisema, “dumu lile nililijaza mimi. Mama aliweka maji. Nikayamwaga.”

Alinitazama asielewe. “Mama yako aliweka maji?”

“Ya ndimu.”

“Alisema kesho atajua kama nimeacha.” Alizungumza polepole, kama anayesoma. “Nikajua kanijaribu, mbele za wakwe. Nikasema nikimtaja nitamwaibisha, na nikimuuliza atakana, nami nitamchukia. Bora ninyamaze nibaki naye.” “Miaka kumi na tisa aliniuliza, nikufungie?”

Nililia kwa sauti pale barazani, mtu mzima wa miaka thelathini na minane. Baba hakulia, wala hakunigombeza. Alinyoosha mkono, akachukua chupa yangu moja, akaifungua na kuinusa.

“Umeweka ndimu ngapi?”

“Mbili.”

Akanywa. Akanywa funda baada ya funda bila kupumzika, maji yakimchuruzika kidevuni, mpaka chupa ikaisha. Akanirudishia tupu.

“Ndiyo maji yake,” alisema.