Maneno ya Kushangaa Aliyonifundisha Kaka Yangu

Februari 1916, Waingereza wakiwa bado hawajafika Arusha, nilimpoteza kaka yangu kwenye boma la Wajerumani.

Kabla ya vita alimpikia mwindaji mmoja Mwingereza. Aliporudi kwetu Kikwe hakuwa na kitu ila blanketi na maneno ya bwana wake ya kushangaa. Alinifundisha tukimenya ndizi. "Gosh" ni la jambo dogo, hata mbele ya mchungaji unalisema. "Crikey" ni pale sufuria inapokuponyoka. "My word" ni la wakubwa, husemwa polepole, kikombe kikiwa mkononi. "Blimey" ni la wanajeshi na watu wa kazi. Usilitamke mbele ya mke wa bwana.

"Sasa mimi niseme lipi, kaka?"

"Wewe sema 'my word', maana unavyojifanya mkubwa!"

Vita vilipoanza alikamatwa akabebeshwa mizigo bomani. Mimi na mume wangu tulimpelekea chakula. Siku hiyo ya Februari, tukiwa pale, ndege ya vita ilipita juu, ya kwanza tuliyoiona. Watu walitupa mizigo chini. Huyu alisema "Lo!", yule "Mama wee!", kaka yangu akasema "Blimey!"

Askari mmoja aliyekuwa amepigana na Waingereza mpakani alilijua neno hilo. Alimpiga kitako cha bunduki mdomoni, meno mawili yakadondoka.

"Mpelelezi huyu!"

Ofisa wa Kijerumani akaitwa. Askari akanigeukia. "Wewe mama, ndugu yako anajua Kiingereza?"

Ningeweza kusema hapana. Sikusema. Niliamini wakijua ni maneno ya mchezo tu watamwachia.

"Anajua ya kushangaa tu, bwana askari. Hata mimi amenifundisha."

Nikayataja yote manne, nikaeleza lipi husemwa na nani, kama alivyonieleza yeye. Wapagazi wawili walicheka.

"Kumbe amefungua shule kabisa!" askari akasema.

Ofisa aliamuru viboko ishirini na tano. Walimlaza juu ya pipa. Askari wale walikuwa na kawaida yao: mtu akilia na kuomba msamaha, mkono unalegea. Kwetu mwanamume aliyetahiriwa hatoi sauti ngozi yake ikikatwa, sembuse dada yake akiwa amesimama pale. Kufikia cha kumi mgongo ulikuwa umepasuka, damu inarukia sare ya askari.

"Lia, wewe! Unamringia nani?"

Kaka alinitazama, akabana midomo. Mume wangu akaninong'oneza, "Tuondoke, mama, apate kulia." Nilimwelewa. Lakini niliona nikimpa mgongo nitakuwa nimemwacha peke yake. Nikabaki.

Cha ishirini na tano kilipokwisha, askari akamwambia ofisa kuwa huyu bado ana kiburi. Wakaanza upya. Safari hii sikuhesabu. Nilisikia tu kiboko kikitua kwenye kitu kilicholowa.

Walituachia tumchukue. Tulimlaza juu ya ngozi ya ng'ombe, wapagazi wale wawili waliocheka wakashika upande mmoja, sisi upande mwingine. Tulipofika Kijenge tulimshusha tumpe maji. Yalimtoka pembeni mwa mdomo. Mume wangu akamfumba macho, tukashika tena ngozi, tukaendelea na njia ya Kikwe.