Waya wa Jirani

Fundi wa mtandao wa zahanati yetu, huku Sori, husoma mwongozo wa programu kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari, kisha huchomoa waya aone kama ripoti ya matumizi kwenye kompyuta inakubali. Sijamwona akiamini kimoja bila kuuliza kingine. Juzi ripoti ilisema wodi ya wazazi ndiyo inamaliza intaneti, na mkubwa akaagiza wauguzi wakatiwe. Fundi akafungua mwongozo. Mwongozo huhesabu nyaya kuanzia moja. Yeye alishuku ripoti inaanzia sufuri, na kwamba namba inayoitwa ya wodi ni ya waya wa pembeni yake. Akashika waya wa jirani, ule wa ofisi ya mkubwa, akauchomoa kwa vidole viwili. Kwenye ripoti, matumizi ya wodi yakaanguka papo hapo. Mlango wa ofisi ukafunguka.

“Nani amezima mpira?” mkubwa akauliza.

“Pole, mkubwa,” fundi akasema, akiurudisha taratibu. “Nilikuwa natafuta wodi.”